Mpishi wa Soli za Makambako

Jina lake silitaji. Wanaomjua watamjua kabla sijafika mbali, na wasiomjua jina halitawasaidia kitu. Alizaliwa wapi, ukoo upi, babu yake alilima nini, hayo sikuuliza, naye hakuwa mtu wa kusimulia. Mimi nilimkuta mtu mzima tayari, amesimama kwenye mlango wa kiwanda, anagomba.

Tukiwa wenyewe tulimwita Mpishi. Mwenye kiwanda, Hajji, ndiye peke yake aliyemwita Mwalimu hata nyuma ya mgongo wake. Hajji alikuwa mtu wa adabu hata akiwa amekasirika, na tena ni kweli, yule mama alikuwa amefundisha fizikia kwenye shule ya misheni upande wa Njombe kabla hajatuangukia. Darasa langu mimi liliishia la nne, kwa hiyo fizikia nilikuwa nadhani ni ugonjwa. Sasa najua ni ugonjwa kweli, ila wanaougua wanapona wakipata kazi.

Najua watu wanavyosema kuhusu Makambako. Wanasema ni mahali pa basi kusimama, ule chipsi, ujisaidie, uendelee na safari zako za Songea au Mbeya. Waseme. Enzi zile za ruksa, wakati kila mwenye lori aliuza na kila mwenye mlango alifungua duka, sisi nyuma ya maegesho ya malori tulikuwa na kiwanda. Kidogo, ndiyo. Bati juu, mbao pembeni, tanuri la matofali katikati. Hajji alikuwa msafirishaji, mtu wa kuja, kama nusu ya mji ule. Mashine alizinunua kwenye kiwanda kimoja kilichofungwa, akazipakia juu ya lori lake mwenyewe, akasema: kuanzia leo natengeneza ndala. Kazi yangu ilikuwa kuchochea moto. Kuni zetu zilikuwa mabanzi, yale mapande ya magome yanayobaki mbao zikipasuliwa, tulikuwa tunayapata Matembwe.

Ndala zenyewe zilikuwa aibu. Nisiseme uongo kwa kuwa nilikuwepo. Soli ilitakiwa iwe nyepesi, laini, yenye povu ndani. Zetu zilitoka zimebonyea pembeni kama uso wa bibi asiye na meno, na katikati ngumu kama ubao. Mkulima wa Matamba anaivaa Jumamosi kwenda mnadani, Jumapili imepasuka. Zilirudishwa kwa matusi.

Hapo ndipo Mpishi alipofika, mwezi wa sita, baridi ya kuumiza masikio. Alikuwa amesikia kwa dereva mmoja kwamba Hajji anatafuta mtu anayejua joto. Hajji alikuwa anatafuta fundi mwanamume, bila shaka, na ndiyo maana walikuwa wanagomba mlangoni.

"Mwalimu, hapa pana moto," Hajji akamwambia.

"Na kwangu jikoni pana nini, Hajji? Barafu?"

"Nilisema fundi."

"Nipe kikaango na kijiko cha ule unga wenu. Nikishindwa kukuambia ugonjwa wa soli zako, naondoka, na nauli sikudai."

Akapewa kikaango cha mama ntilie wa jirani. Akakiweka juu ya jiko la mkaa, akatia mafuta kidogo, akanyunyiza ule unga, akachutama na kioo chake cha kukuzia. Tukamzunguka. Unga ule ulikuwa unakuja kwenye mifuko, mweupe, ukikohoa karibu nao unapaa. Tuliambiwa changanya na plastiki, tia kwenye kalibu, lile sanduku la chuma lenye umbo la soli, choma, povu litatokea. Kwa nini litokee, hakuna aliyetuambia wala aliyeuliza.

Mara ule unga ukaanza kufura. Kijiko kimoja kikawa lundo. Mama ntilie akasema, "Bisi!" Mpishi hakuinua kichwa. "Bisi, ndiyo, ila zenye ngozi ya mpira." Akaendelea kuchochea, na lile lundo mbele ya macho yetu likaanza kusinyaa, likarudi chini, likawa ujiuji. Akasimama, akajipangusa mikono kwenye sketi.

"Hajji, wafanyakazi wako wanaua hawa watoto. Wanawazaa na kuwaua ndani ya kalibu hiyohiyo."

Akaajiriwa siku ile. Alikuwa ameshaacha shule, barua ameshaiacha mezani kwa mkuu, kwa hiyo nyuma yake hapakuwa na pa kurudi. Hilo tulikuja kulijua baadaye, na ndilo lililonifanya nimheshimu kuliko ile fizikia.

Alitueleza hivi. Kila chembe ya unga ni kama kichupa kidogo sana, ngozi yake plastiki, ndani pana tone la kimiminika chepesi. Chembe ikipata joto, ngozi inalainika, lile tone linageuka mvuke na kusukuma, chembe inafura kama shavu la mpiga tarumbeta. Ukiipoza hapo, ngozi inakauka ikiwa imefura vilevile, na soli yako inakuwa nyepesi. Lakini ukiendelea kuichoma, ngozi inakuwa nyembamba, pumzi inavuja, chembe inanywea, na haifuri tena hata uilipe. Akachora ukutani kwa mkaa mstari unaopanda, unafika juu, unashuka upande wa pili. Akauita mlima. "Kila chembe ina mlima wake. Kazi yetu ni kuwafikisha wote kileleni pamoja, na kuwapoza wakiwa bado wanashangaa mandhari."

Tukaitikia, ndiyo Mwalimu. Akatutazama, akajua hatujaelewa hata kidogo. Kesho yake akaja na gunia la viazi.

Nikisimulia habari hii kuna wajukuu wanaocheka. Wacheke. Alivichemsha viazi kwenye pipa mpaka vikaiva, akatusimamisha wote uani kama mkate, wengine nje, wengine ndani, wengine katikati kabisa, tumebanana. Mimi nilikuwa wa nje. Katekista, ambaye ndiye alikuwa mtazamaji wa tanuri, mtu wa makamo, mpole, mwenye kola safi siku zote, yeye alikuwa katikati. Amri zikawa hizi: ukipokea kiazi cha moto, jaza mashavu, shikilia pumzi. Kiazi mpe wa ndani anayekufuata. Ukizidiwa, toa pumzi, chuchumaa, na usijaze tena.

Akavimimina viazi vya moto kwa sisi wa nje, harakaharaka. Mashavu yetu yakafura mara moja. Lakini viazi vyenyewe vilisafiri kwa shida, kila mtu anavirusharusha mkononi, anapiga kelele puani kwa kuwa mdomo umejaa hewa. Utingo mmoja akapanda juu ya ukuta kututazama.

"Wazee! Hiyo kwaya mbona haiimbi?"

"Shuka uje ujaze shavu," Mpishi akamjibu, "mdomo unao mkubwa tayari!"

Tulicheka, na waliocheka wakapoteza pumzi. Kiazi kilipomfikia Katekista, naye akafurisha mashavu yake kwa heshima zote, sisi wa nje tulikuwa tumechuchumaa chini wote. Akabaki amesimama peke yake kama mnara wa kanisa.

"Hiyo ndiyo soli yenu," Mpishi akasema. "Pembeni imekufa, katikati ndiyo kwanza inaamka. Plastiki ni njia mbaya ya joto, inatembea kwa miguu. Nyinyi mnapiga moto mkali mkidhani mtaiharakisha. Mnawachoma wa mlangoni, wa chumbani bado wana baridi."

Halafu akafanya mara ya pili kwa viazi vya vuguvugu. Tukavipitisha polepole, hakuna kujaza, mpaka kila mtu ana chake mkononi. Ndipo akapiga kofi: "Sasa!" Mashavu yote yakafura kwa pamoja. Hata Hajji, aliyekuwa amesimama kwenye kivuli cha lori, alijaza yake bila kujijua.

"Mwalimu," akasema alipojikuta, "nimekuajiri unipikie soli au unifundishie hawa wazee chekechea?"

"Vyote viwili, Hajji. Cha pili nimekusaidia tu."

Viazi tukavila kwa chumvi. Kuanzia wiki ile kalibu zikawa zinapashwa kwanza, moto ukawa wa pole, mwishoni unaongezwa kidogo. Soli zikatoka soli. Nilizibonyeza kwa kidole gumba zikanirudishia kidole changu. Lori likapakia kwenda Ipelele, likarudi tupu, na hakuna aliyetutukana.

Sasa msidhani alikuwa malaika. Huyu mtu aliyejua joto lilipo ndani ya plastiki alikuwa anaunguza maharage yake ya mchana kila siku iendayo kwa Mungu, na anayala hivyohivyo, meusi, akisema yana chuma. Alituambia tuulize, lakini ukiuliza anakukata kabla hujafika mwisho, anajibu swali alilodhani unalo, tena mara nyingi ndilo. Ushirikina aliupiga vita, lakini mtu akipiga mluzi karibu na tanuri alimfukuza na koleo. Alihubiri subira ya moto siku nzima. Kwenye foleni ya maji hakuwa na subira hata ya ndoo moja. Miguuni alivaa ndala zilizoharibika, mguu huu wa toleo hili, mguu ule wa toleo lile, anachechemea kama kuku aliyefungwa kamba. Hajji akamwambia, chukua nzuri, bure. Akakataa. "Nzuri inanifundisha nini?"

Alikuwa na kipaji kingine cha kuudhi. Kabla kalibu haijafunguliwa anasimama mbele yake, anatazama rangi ya moto, anagusa chuma kwa kitambaa chenye maji, halafu anasema, "Hii itaota kipara kisiginoni." Unafungua, kipara hicho. Si uchawi, alisema, ni kutembea na chembe kichwani, moja ya nje na moja ya ndani, unaziuliza kila baada ya muda, wewe umefika wapi, na wewe. Aliponena soli itakuwa hivi ikawa vingine, alinuna, hasemi na mtu, mpaka ajue nani alimdanganya, moto au yeye.

Watu wa marehemu mumewe walikuja kumchukua. Mumewe alikuwa Mkinga wa Ipelele. Shemeji yake alifika na wazee wawili, amevaa koti zito, wakaketi kwenye mabanzi yangu bila kunisalimu.

"Kamwene, shemeji."

"Kamwene."

"Tumekuja tukurudishe nyumbani. Ulikuwa mwalimu, tulikuwa tunajisifia. Sasa tunaambiwa unapika ndala kwenye maegesho ya malori, kati ya wanaume."

"Mnirudishe? Kwani mimi ni gunia la viazi?"

"Ni aibu ya ukoo."

"Hebu tazama miguu yako, shemeji."

Shemeji akatazama. Alikuwa amevaa ndala zetu, za bluu, karibu mpya.

"Vua hiyo aibu ya ukoo," Mpishi akamwambia, "uiache hapa, utembee pekupeku mpaka Ipelele."

Mzee mmoja akakohoa kuficha kicheko. Shemeji hakuvua. Walikunywa chai, wakaondoka, na yule mzee aliyekohoa alirudi kutoka getini kuuliza kama zipo za saizi yake.

Nimekuwa nikizunguka, nafahamu. Ninataka kufika kwenye siku ya kufuli, na siwezi kufika bila kueleza habari ya Rozari.

Moto wa pole unataka muda uliopimwa. Ukipunguza, chembe hazijafika kileleni, ukizidisha, zimeshuka. Saa ya ukutani ilikufa kwa joto la tanuri, na umeme ulikuwa unakuja kama mgeni. Saa ya mkono alikuwa nayo Mpishi, lakini yeye alikuwa huku na huku, mara kwenye mizani, mara kwenye kalibu. Ndipo Katekista akapendekeza, kwa aibu, kwamba kwao vijijini kumi moja la Rozari, zile Salamu Maria kumi, ni kipimo kinachojulikana, na Rozari nzima vilevile. Mpishi akamsalisha, akatazama saa yake. Akamsalisha kesho yake, na keshokutwa, asubuhi na jioni. Haikupishana. Rozari nzima ya Katekista ikawa ndiyo moto wa pole wa kalibu moja. Yeye alisimama mbele ya tanuri, shanga mkononi, anasali kwa sauti ya chini, akifika mwisho anainua mkono, tunatoa.

Waislamu wetu wakasema sawa, sala ni sala, ila tusilazimishwe kuitikia. Hajji akasema, "Nilijenga kiwanda, nimeamka kimegeuka parokia," lakini aliacha. Aliyekuja kugomba alikuwa paroko.

"Mwalimu, nasikia Rozari inapikia viatu?"

"Padri, sala ni ya Mungu. Mimi naazima urefu wake tu."

"Si vizuri."

"Yale mayai unayoandaliwa ukitembelea vigango vya vijijini, Padri, yanachemshwa kwa Baba Yetu na Salamu Maria. Hujawahi kuyarudisha."

Paroko akaenda zake.

Basi, ukaja mwezi wa kumi. Soli zikaanza kuwa nzito. Kwanza kidogo, unafikiri labda mkono wako umechoka. Halafu zikawa nzito waziwazi, zinazama kwenye ndoo ya maji. Joto lilikuwa lilelile, nilikuwa nalilinda kama mtoto. Mpishi akakagua kila kitu, akashika kiuno, akatamka mbele ya watu wote: unga ni mbovu, tumeuziwa unga mzee. Hajji akampelekea habari muuzaji kule Dar es Salaam, kwa maneno makali. Na Hajji hakuwa amekaa bure. Kulikuwa na mfanyabiashara wa mitumba aliyetaka lile jengo liwe ghala la marobota, amekuja kulipima kwa hatua mbele yetu, anatupita kama vile sisi ni nguzo.

Muuzaji akamtuma mtaalamu. Kijana safi, mwenye saa ya kung'aa, wala si mtu mbaya. Alisema unga wake mzima, tatizo ni moto wetu wa kizee: pandisha joto, choma muda mfupi, kama wanavyofanya viwandani kwao. Mpishi akasema ukipandisha utaua za nje. Maneno yakawa mengi. Hajji akainua mkono.

"Sikilizeni. Leo kalibu moja ya kijana, kalibu moja ya Mwalimu. Nikipata soli ya kuuza, tunaendelea. Nisipopata, jioni mwenye marobota anakuja kuchukua ufunguo. Nimechoka kubembeleza plastiki." Na kweli alikuwa amelitoa kufuli kwenye lori, kubwa, jipya, akaliweka juu ya meza.

Tukachoma ya mtaalamu kwanza. Ikatoka imebonyea pembeni, katikati ubao. Mtaalamu akaigeuzageuza, akasema labda tanuri halilingani, na hapo alikuwa na haki. Tukachoma ya Mpishi. Katekista akasali, akainua mkono, tukafungua. Soli nzuri kwa macho, umbo limetimia, lakini nyembamba, nzito kama matofali ya mtoto. Hajji akalichukua lile kufuli.

"Nimewasikia wote wawili," akasema. "Tokeni nje."

Sisi tukaanza kutoka. Ndiyo, mimi pia, nikaanza kuokota koti langu. Mpishi peke yake akaenda upande wa pili: akachukua kisu, akaikata soli yake kama mkate, akaikagua kwa kile kioo, halafu akatupa kipande kwenye kikaango. Tukamwona anainama. Halafu tukasikia sauti yake, kubwa kuliko ile aliyotumia siku alipoushitaki unga.

"Nilikosea! Unga mzima! Njooni muone, unafura!"

Kipande kilikuwa kinapanda kikaangoni kama andazi. Mtaalamu akaja, akatabasamu, akataka kusema kitu. Hakupewa nafasi.

"Unga mzima, moto uleule. Hizi hazijafa, zimelala. Hazikufika kileleni. Kimebaki nini? Muda. Katekista! Sali."

"Nisali nini, Mwalimu?"

"Rozari yako ya tanuri. Kijana, nawe toa hiyo saa yako inayong'aa, tuiangalie pamoja."

Katekista akasali. Tumesimama pale, Hajji na kufuli lake, Waislamu na Wakristo, tunamsikiliza. Alisali vizuri, ulimi mwepesi, maneno yanateleza kama mtu anayeshuka kilima anachokijua. Alipomaliza, Mpishi akamwangalia mtaalamu, mtaalamu akatikisa kichwa: dakika zilikuwa pungufu kuliko zile Mpishi alizopima mwanzo.

"Mbio zote hizo unawahi wapi?" Mpishi akauliza.

Katekista akawa mwekundu hata kwa rangi yake ile. "Unanisingizia kwamba naharakisha sala? Mbele ya watu?"

"Mwezi huu kila jioni unasalisha wapi?"

"Kwenye jumuiya. Ni mwezi wa Rozari. Nazunguka jumuiya zote, wewe unajua."

"Hapo! Mwezi mzima unasali nyumba kwa nyumba, ulimi umepata njia. Mwezi wa saba ulikuwa unasalia tanuri peke yake, ulikuwa unakwenda pole, kwa kuinua mguu. Sikulaumu wewe, Katekista. Naulaumu mwezi wa kumi."

Hajji akasema, "Mama, nimesikia, ondoka mlangoni." Kwa kuwa Mpishi alikuwa amekwisha kwenda kukaa kwenye kizingiti, miguu imenyooshwa, zile ndala zake mbili zisizofanana zinatutazama.

"Nitaondoka soli zikitoka."

"Nitakufungia ndani."

"Nifungie. Lakini na huyu mtu wa moto unifungie naye, kuni sizijui."

Akanionyesha mimi. Nikaliweka koti chini. Sikufikiri, nililiweka tu, nikachukua banzi nikalisukuma ndani ya tanuri. Nikawasikia wenzangu wanarudi mmoja mmoja.

Katekista alikuwa amenuna. Alisema yeye anamsalia Mama wa Mungu, hasalii soli, na kuanzia leo hasali kwa kuamriwa. Mpishi hakumbembeleza, akamwambia basi kaa kimya, tutatumia saa ya kijana. Tukatia kalibu. Moto unavuma. Hata sijafunga mlango wa tanuri, mara tukasikia sauti ya chini kabisa, pole, kila neno linawekwa chini kama mtu anayepanga mayai. Katekista alikuwa anasali mwenyewe, bila kuambiwa. Na mtaalamu, naapa, alikuwa anatazama saa huku midomo inacheza. Mkono wa Katekista na kidole cha mtaalamu viliinuka pamoja.

Tukafungua. Sitaki kutia chumvi. Zilikuwa soli. Hajji akaichukua moja ikiwa bado ya moto, akaiweka chini, akavua kiatu chake cha ngozi, akaikanyaga kwa uzito wake wote, na mtu yule hakuwa mwepesi. Ikashuka, ikampandisha. Akabaki amesimama juu yake muda kidogo. Halafu akatia kufuli mfukoni, akaenda nje kuongea na mwenye marobota, na tulichosikia ni sauti ya mtu wa pili ikipanda na ikiondoka.

Hajji alinunua saa baadaye. Katekista aliendelea kusali mbele ya tanuri, saa ikiwa ukutani, mbali na joto.

Miaka ilipita tukiwa kazini, na kisha kiwanda kikafungwa. Nisidanganye. Ndala za nje ziliingia kwa malori kutoka bandarini na mpakani, za rangi zote, bei ambayo sisi hata kuni tusingenunua. Tulishindwa na bei, lakini unga haukutushinda, na anayesema hatukujua kazi nitamjibu hadi kaburini. Siku ya mwisho wengine walilia, wengine waliiba misumari. Mpishi alisafisha kalibu zote, akazipaka mafuta, akazipanga tayari kwa kesho. Hajji akamwambia, Mwalimu, kesho haipo. Akasema, "Kwako."

Nilimwona tena juzijuzi hivi, uzee umetukuta wote. Nilikwenda Njombe, hospitali ya misheni, kwa mambo yangu ambayo nyumbani nilikuwa sijayasema. Kwenye benchi la nje nikamwona ajuza mwembamba mwenye kikapu, anampimisha mzee mmoja soli, anamgombeza akunje vidole.

"Mtu wa moto! Hujafa?"

"Nakusubiri wewe utangulie."

"Utasubiri." Akanitazama nikitembea. "Sukari?"

"Nani kakuambia?"

"Unavyokanyaga. Unaweka mguu chini kama si wako. Ganzi?"

Nikakubali. Vidole havinisikii, nilikuwa na kidonda nyayoni na nimekigundua kwa damu kwenye soksi. Akanichukua hadi kwake, banda la mabati nyuma ya nyumba, na ndani yake tanuri dogo. Unga bado anaagiza kwa madereva. Anapikia watu wenye miguu isiyohisi, kwa sababu hizi ndala za dukani, alisema, zimepikwa kwa ajili ya miguu inayojua kulia. Ndugu zake wanataka banda liwe la kuku. Amewaambia wasubiri mazishi.

Akanichora mguu juu ya boksi, akatia kalibu, tukakaa. Alipofungua nikaona kwa macho yangu mabovu: kisiginoni imebonyea. Kidogo tu. Mimi ni mzee, njia zangu zimebaki chache, za chooni na kanisani. Nikanyoosha mkono.

"Lete tu. Itanifaa."

"Haifai."

"Mama, mimi kwa sasa natembea hadi wapi?"

Akaniangalia kama alivyomwangalia Hajji akiwa na kufuli. Akaitupa soli kwenye ndoo ya takataka, akarudi kwenye mizani, akaanza kupima unga upya, bila kumwaga hata chembe.

"Kuni zimepungua," akasema bila kugeuka. "Au na hilo nalo umelisahau?"

Nikavua koti.